Moja au Mbili

Klabuni kwetu Maweni, nyuma ya kituo cha petroli,
mshika chaki nilikuwa mimi.
Si ile ya kupaka fimbo. Ya kuhesabia ukutani:
kushoto Thoya Mkare, kulia Famau Lali,
mistari minne imesimama, wa tano umelala juu yao
kama mgonjwa kwenye machela.

Miaka kumi na mmoja. Michuano sitini.
Mombasa walikutana na fulana za wafadhili,
Nairobi chini ya taa za televisheni,
lakini hesabu zote zilirudi kwangu kwa simu, usiku wa manane:
"Dzame, mwandikie mwenzangu."
Aliyeshindwa ndiye aliyepiga. Ndiyo yalikuwa masharti yao.

Ukitaka kuwalinganisha, usianze na vikombe.
Anza na mkono wa kushoto, ule unaolala kitambaani.
Wa Thoya ulitua kama kuku anayeatamia,
hauondoki mpaka kitu kianguliwe.
Wa Famau uligusa tu, kama mtu aonjaye uji wa moto.
Thoya alizunguka meza mara mbili kabla ya kila pigo,
akinong'ona: mwenga, mbiri, hahu.
Famau alishapiga wewe bado unatafuta pa kukaa.
Mmoja alicheza kama mdaiwa,
mwingine kama mdai.

Na meza yenyewe, aliyoiacha Mtaliano aliyefilisika,
ina kilema: mfuko wa kati, upande wa chooni,
huvuta mpira kidogo, kiasi cha unene wa ukucha.
Wageni wa Bara walizikwa pale.
Wao wawili waliujua mfuko ule
kama mtu ajuavyo jino lake bovu.

Ngoka kinyozi alisema Thoya ndiye, kwa fainali tatu.
Muuza miraa alisema Famau,
kwani Thoya, eti, hajawahi kumfunga Jumapili.
Takwimu ni mbuzi wa karamu,
kila mtu hukata anapopapenda.

Kisha mchuano wa sitini na moja.
Thelathini kwa thelathini.
Raundi nane kwa nane, umebaki mweusi, zamu ya Thoya.
Akazunguka. Mwenga, mbiri.
Akaupiga polepole kuelekea kwenye ule mfuko wenye kilema,
na mweusi ukiwa bado njiani
stima zikapotea Malindi nzima.

Hakuna aliyepiga kelele.
Tukausikia unabingirika.
Tukausikia unaanguka.
Halafu, wengine husema, tukasikia wa pili:
mweupe, ukimfuata mwenzake shimoni,
na hapo mpigaji ameshindwa.

Jenereta liliwaka baada ya dakika nne.
Meza kijani tupu.
Mweupe umo mikononi mwa mtoto wa muuza mayai,
na hakumbuki aliutoa wapi.

Nikawauliza wenye mchezo wao. Sauti ngapi?
Thoya akasema: Mbili.
Famau akasema: Moja.
Kila mmoja amejinyonga kwa ulimi wake.

Utadhani walikumbatiana.
"Usinipe sadaka!" Famau akafoka.
"Wewe ndiye unayenipa! Nimesikia kwa masikio yangu."
"Yapi? Hayo yasiyomsikia mkeo akikuita?"
Miaka kumi na mmoja hawakuwahi kutupiana neno,
usiku ule walitenganishwa na mlinzi wa petroli.

Hawajacheza tena.
Thoya anauza miche Gede.
Famau anatengeneza friji Shella.
Ukuta umepakwa rangi mara mbili,
na mara zote mbili nilimwambia fundi aparuke pale.

Mimi usiku ule nilikuwa nimeegemea meza kwa nyonga.
Masikio hubishana. Ubao uliniambia mwilini.

Chaki bado ninayo, imekuwa ndogo kama punje ya mahindi.
Na simu bado hulia, saa saba, saa nane,
leo mmoja, wiki ijayo mwingine,
sauti zimezeeka, neno ni lile lile:
"Dzame, mwandikie mwenzangu."

Nasema: "Nimesikia."